Mama wa miaka 68, kisukari, presha, na saa 15 za kukaa kitini

Msomaji wa Mombasa ameandika hivi: "Mama yangu ana miaka 68 na mwezi ujao anakwenda New York kumwona dada yangu aliyejifungua. Amekatiwa tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, inayoondoka usiku na kufika asubuhi. Ana kisukari, anajidunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, na kila asubuhi anameza amlodipine pamoja na dawa ya kuongeza mkojo kwa ajili ya presha. Miguu yake huvimba hata akipanda basi la kwenda Malindi tu. Majirani wameshamshauri kila namna: ameze aspirini ili damu isigande, ameze Piriton ili apate usingizi, na asinywe maji asije akawa anakwenda msalani kila saa. Je, tufuate lipi?"

Katika ushauri huo wa majirani, ule wa maji ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ndio ambao mama ataufuata bila kuambiwa mara mbili. Wazee wengi, na hasa kina mama wa makamo yake, huona haya kumwamsha mtu asiyemjua ili awapishe, na wakishaketi dirishani huamua kimoyomoyo kwamba hawatainuka mpaka ndege itue. Ili wasiinuke, hawanywi. Na kwa kuwa hawanywi wala hawainuki, damu ya miguuni hukaa bila kusukumwa kwa saa nyingi mfululizo. Kwa hiyo jibu langu linaanzia kwenye kiti, kabla ya dawa yoyote.

Katika daraja la kawaida la Boeing 787, ambayo ndiyo aina ya ndege iliyotumiwa na Kenya Airways katika njia hiyo tangu safari ya kwanza ya Oktoba 2018, viti vimepangwa vitatu vitatu, na kuna njia mbili za kupitia. Mchagulieni mama kiti kilicho kando ya njia, na ikiwezekana kiwe katika kundi la viti vya katikati, kwa sababu anayeketi kando ya njia upande wa dirishani hulazimika kuwapisha watu wawili, ilhali wa kundi la katikati huenda akasumbuliwa na mmoja tu, au asisumbuliwe kabisa. Kiwe karibu na msala lakini kisiwe kile kinachopakana nao, kwani hapo watu husimama foleni usiku kucha. Kama shirika linatoza ada ya kuchagua kiti mapema, lipeni. Sioni matumizi bora zaidi ya fedha katika safari hii nzima, ukiondoa bima nitakayoitaja baadaye.

Hatari ya damu kuganda miguuni si ugonjwa wa ndege peke yake. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikishambuliwa kwa mabomu, madaktari waliona vifo vya ghafla miongoni mwa watu waliokuwa wakilala wameketi katika viti vya kukunja ndani ya mahandaki. Ukingo wa kiti ulibana nyuma ya miguu, damu ikaganda katika mishipa ya ndani, kisha bonge likasafiri hadi mapafuni. Kinachotokea ndani ya ndege ni hicho hicho. Damu ya miguuni hurudishwa moyoni kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo kila inapokaza huibana mishipa na kuisukuma damu juu, na mtu anapokaa kitini bila kujongea, msaada huo hukoma. Utafiti uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari, huongeza hatari hiyo takriban maradufu, ingawa kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Unene, uzee, upasuaji wa karibuni, saratani, vidonge vya uzazi wa mpango na historia ya kuganda kwa damu huipandisha. Hata kimo kina sehemu yake: watu warefu kupita kiasi hubanwa magoti, na wafupi wa chini ya sentimita 160, ambao miguu yao haifiki vizuri sakafuni, hubanwa na ukingo wa kiti nyuma ya mapaja.

Kwa sababu hiyo nina neno kuhusu namna mama atakavyofika Nairobi. Akipanda treni Mombasa asubuhi, atakaa kama saa tano. Akipanda basi, zaidi ya hapo. Halafu usiku ule ule aongeze saa 15. Mwili huhesabu saa hizo zote pamoja. Afike Nairobi siku moja au mbili kabla, alale kwa jamaa, atembee, ndipo apande ndege.

Akishaketi, mkoba mkubwa uwekwe juu, usisukumwe chini ya kiti cha mbele, maana hapo ndipo miguu inapotakiwa kunyooka. Ikiwa mama ni mfupi, kifurushi kidogo laini, au hata leso iliyokunjwa vizuri, kiwekwe chini ya nyayo ili magoti yainuke kidogo na mapaja yasibanwe. Zoezi la miguu ni rahisi na hakuna atakayemwona: vidole vibaki sakafuni na visigino viinuliwe juu kabisa mpaka shavu la mguu likaze, kisha visigino vishuke na vidole ndivyo viinuke, mara ishirini au thelathini kila anapokumbuka. Asipige nne, na asilale akiwa ameikunja miguu chini ya kiti. Kila baada ya saa moja au mbili, akiwa macho, ainuke atembee hadi mwisho wa ndege na kurudi, mkono mmoja ukishika migongo ya viti endapo ndege itatikisika. Kama ni mtu wa sala, kule kwenda kutawadha kutamwinua bila kukumbushwa na mtu.

Sasa aspirini. Asianze kuimeza kwa ajili ya safari. Faida yake katika kuzuia bonge la aina hii kwa msafiri wa kawaida ni ndogo, na kwa mtu wa umri wake hatari ya kutokwa damu tumboni ni jambo la kweli. Kama daktari wake alikwisha kumwandikia kwa ajili ya moyo, hilo ni jambo jingine. Aendelee nayo kama kawaida. Wenye hatari kubwa, kwa mfano mtu aliyewahi kuganda damu au aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga majuma machache yaliyopita, huandikiwa dawa nyingine kabisa, na huo ni uamuzi wa daktari anayemjua mgonjwa.

Uvimbe wa miguu unahitaji kuangaliwa kabla ya safari, tena kwa sababu ambayo huenda hamkuifikiria: amlodipine yenyewe husababisha vifundo kuvimba kwa baadhi ya watu, na dawa ya kuongeza mkojo haiondoi vizuri uvimbe wa aina hiyo. Inawezekana basi la Malindi halina hatia kubwa kama mnavyodhani. Mpelekeni kwa daktari majuma matatu au manne kabla ya safari, achunguze kama ni dawa, moyo, figo au mishipa tu, na kama ataamua kubadilisha dawa, kuwe na muda wa kuiona ikifanya kazi. Presha isibadilishiwe dawa juma la kusafiri.

Siku hiyo hiyo muulizeni daktari kuhusu soksi za kubana, zile zinazofika chini ya goti na kukaza zaidi kifundoni. Soksi hizo hupunguza uvimbe na hupunguza mabonge madogo yasiyo na dalili, nami huwashauri wasafiri wengi wazivae. Lakini kwa mwenye kisukari cha miaka mingi sizipendekezi mpaka nyayo zake zichunguzwe: kama mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba kiasi, au kama amepoteza hisia nyayoni, soksi iliyobana vibaya au iliyojikunja inaweza kumfanyia kidonda ambacho hatakihisi. Zikiruhusiwa, apimwe mguu kwa utepe asubuhi kabla haujavimba, zinunuliwe za kipimo chake, na azizoee nyumbani. Viatu viwe vya kulegezeka, kwa sababu mguu wa mwisho wa safari si ule wa mwanzo, lakini asitembee pekupeku ndani ya ndege. Mtu wa kisukari asikanyage sakafu ya msala bila kiatu.

Kuhusu maji, hana haja ya kunywa lita nyingi kama wanavyosema wengine. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na kwa sababu hiyo midomo, macho na koo hukauka. Hata hivyo kukauka huko kwa koo si sawa na mwili mzima kuishiwa maji. Kikombe kimoja kila anapopitishiwa, na kingine kila anapokwenda kutembea, kinatosha. Chai na kahawa kidogo hazina ubaya, ila kahawa itamwondolea usingizi. Juisi na soda asinywe kwa kukata kiu, kwani hizo ni sukari tupu, lakini pakiti moja ya juisi ibaki mkobani kwa sababu nitakayoieleza.

Piriton nayo naikataa. Ni dawa ya mzio, na usingizi wake ni athari ya pembeni tu. Kwa mzee hukausha mdomo, huweza kuzuia mkojo, humchanganya akili akiamka gizani mahali asipopajua, na humfanya ayumbe anapokwenda msalani. Isitoshe, usingizi wa dawa ni mzito, na mtu aliyelala fofofo saa nane bila kugeuka ndiye yule yule wa mahandaki ya London. Bora alale vipande vipande. Shuka la ndege ni jepesi na ndani huwa na baridi, kwa hiyo achukue leso mbili, sweta na mto wa shingo, na mkanda aufunge juu ya shuka ili wahudumu wauone na wasimwamshe.

Jambo lililo gumu zaidi katika swali lako ni insulini, ingawa hukuiulizia moja kwa moja. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na kwa saa 8 miezi mingine, maana yake siku ya kusafiri itakuwa na saa 31 au 32 badala ya 24. Tuseme mama amejidunga sindano ya jioni saa moja, akala, akaenda uwanjani. Ndege ikitua saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya New York, Nairobi itakuwa saa saba na nusu mchana au zaidi. Kati ya sindano ya jioni na ile ya asubuhi, ambazo nyumbani hutenganishwa na saa 12, zitakuwa zimepita 18 au zaidi, na katikati yake amekula angalau mlo mmoja wa ndege. Sukari itapanda kiasi. Baadhi ya madaktari huongeza kipimo kidogo pamoja na mlo wa kabla ya kutua. Wengine huacha ilivyo na kumtaka apime tu, kwa hoja kwamba sukari iliyopanda kwa saa chache si hatari kama sukari iliyoshuka ghafla mtu akiwa angani. Kwa mzee anayesafiri peke yake mimi huelekea upande wa hawa wa pili, lakini idadi ya yuniti lazima aiandike daktari wake mwenyewe, kwenye karatasi, kwa saa za Nairobi. Mama avae saa ya mkono isiyobadilishwa mpaka afike, naye afuate saa hiyo.

Kama ataandikiwa kujidunga ndani ya ndege, kuna kanuni moja isiyovunjwa: asijidunge mpaka sinia la chakula liwe mbele yake. Mtu huona kigari cha chakula kimeanza safu ya kwanza, akadhani zamu yake iko karibu, akajidunga. Mara ndege ikaanza kutikisika, wahudumu wakaamriwa kuketi, na chakula kikaja baada ya dakika arobaini. Insulini ya mchanganyiko ina sehemu inayoanza kazi mapema, nayo haingoji. Akihisi jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, apime. Na kama hawezi kupima, anywe ile juisi au ale tende kadhaa kwanza. Awaambie wahudumu mapema kwamba ana kisukari, kwa sababu mtu ambaye sukari imemshuka huonekana kama aliyelala.

Insulini yote, mashine ya kupimia, vijiti vyake na sindano visafiri katika mkoba wa mkononi. Katika sehemu ya mizigo insulini inaweza kuganda kwa baridi, na ikiganda haifai tena. Mizigo pia hupotea. Achukue mara mbili ya mahitaji yake, zikiwa katika maboksi yenye jina lake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza inayotaja maradhi, dawa na sababu ya kubeba sindano. Dawa za maji hazifungwi na kile kikomo cha mililita 100 cha vimiminika vya mkobani, ila azitoe na kuzionyesha kwenye ukaguzi. Chupa inayotumika haihitaji jokofu kwa muda wa safari. Msiitumbukize katika barafu.

Vidonge vya presha havina utata huo. Ameze vya asubuhi Nairobi kama kawaida, na vifuatavyo avimeze asubuhi ya New York akishafika. Amlodipine hukaa mwilini muda mrefu, hivyo kuchelewa kwa saa 7 au 8 siku moja hakutamdhuru, na dawa ya mkojo haitakuwa imemsumbua angani.

Kuhusu pumzi, wakazi wa Pwani wana jambo la kuzingatia. Hewa ya ndani ya ndege hubanwa, lakini si mpaka kufikia ile ya usawa wa bahari. Katika ndege nyingi hulingana na hewa ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na Boeing 787 iliundwa isipite takriban 1,800. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, Eldoret kama 2,100. Kwa maneno mengine, saa 15 hizo mama atakuwa kama aliye Nairobi, ameketi. Kama huja Nairobi na kupanda ngazi ya ghorofa moja bila kuhema wala kubanwa kifua, hilo ni dalili njema. Kama huhema akitembea mita 50 tambarare, asisafiri kabla ya kuchunguzwa moyo na mapafu. Kupungua huko kwa kani ya hewa ndiko pia kunakotanua gesi ya tumboni kwa karibu robo, basi siku ya safari maharagwe, kabichi na soda tuviache. Ndege inapoanza kushuka aamshwe, amumunye pipi isiyo na sukari au amezemeze mate, ili masikio yafunguke.

Mafua hayaenezwi sana na mashine za hewa, ambazo huchuja vizuri, bali na aliye jirani na kwa mikono. Anawe kabla ya kula, na barakoa haina ubaya. Kwa kuwa anakwenda kushika mtoto mchanga, amuulize daktari kuhusu chanjo ya mafua na ya kifaduro, apewe angalau majuma mawili kabla.

Ombeni kiti cha magurudumu mapema, angalau saa 48 kabla. Ni bure, na si lazima mtu awe kilema: foleni ya uhamiaji ya New York ni ndefu, na anayemsukuma humfikisha mbele na kumsaidia na karatasi. Wazee hukataa kwa kuona aibu. Hapo ndipo wewe mwanawe uliombe mwenyewe wakati wa kukata tiketi. Tena mnunulieni bima ya afya ya safari inayokubali maradhi aliyo nayo tayari, na myataje yote, kwani matibabu ya dharura Marekani yanaweza kumaliza akiba ya ukoo.

Akifika, miguu yote miwili ikiwa imevimba sawasawa bila maumivu, ainyanyue juu ya mto. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa na joto, wekundu au maumivu ya shavu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa pumzi ghafla, akachomwa kifuani au akakohoa damu, dada yako apige 911 bila kungoja. Hatari haiishi uwanjani; hudumu kwa takriban majuma manne, kwa hiyo daktari wa huko aambiwe kwamba alisafiri.

Siku ya kwanza atapata usingizi mzito alasiri, maana mwili wake bado uko Mombasa na kule ni usiku. Asilale zaidi ya nusu saa. Atoke nje, akae kwenye mwanga wa jioni, alale ifikapo saa tatu usiku. Ataamka saa nane au tisa usiku akiwa na njaa, na hilo si ugonjwa. Wengi huzoea ndani ya juma moja.

Kurudi ndiko kutakakomchosha zaidi, kwa sababu kwenda mashariki siku hufupishwa na mwili hukataa kulala mapema kuliko ulivyozoea. Insulini nayo hugeuka: sindano mbili husogeleana, na safari hii huenda daktari akapunguza kipimo badala ya kukiongeza. Hesabu ya kurudi iandikwe siku ile ile inayoandikwa ya kwenda, katika karatasi ya pili, na mama aondoke nazo zote mbili.